Programu ya Kikapu Inapofanya Usichoiamuru: Dalili na Vyanzo Vyake

Zimebaki sekunde 48 robo ya nne, tofauti pointi moja, na saa ya mchezo imesimama yenyewe. Mimi ni skora wa mpira wa kikapu, naandika matokeo mezani kwa programu ya simu, na sijagusa kitu zaidi ya kuandika kikapu. Nikaiwasha. Kikapu kikaingia upande wa pili, nikaandika, ikasimama tena, nikaiwasha tena. Kocha wa timu iliyokuwa nyuma akaja mezani mkono kiunoni, akauliza kwa nini muda unatembea mpira ukiwa bado haujarushwa. Nikajibu lile jibu letu la siku zote: "Aplikesheni imeharibika."

Haikuwa imeharibika. Ilikuwa inafuata sheria niliyokuwa nimeisahau, na mwenye kuikosea mechi ile alikuwa mimi.

Programu nyingi tunazotumia mezani zimetengenezwa na watu wa kujitolea. Mwamuzi aliyesomea kompyuta, kijana wa chuo ambaye dada yake anacheza, mzee wa klabu aliyechoka kutoa kopi za skoshiti, zile karatasi za kuandikia matokeo. Anaandika usiku, anajaribu Jumamosi, Jumapili anaongeza kitu alichoombwa na mtu mmoja uwanjani, na alichoongeza hakiandikwi popote. Ile ninayotumia mimi ina maelekezo ya mistari mitatu tangu toleo la kwanza. Kwa hiyo nimekusanya hapa dalili nilizokutana nazo katika misimu kadhaa ya kukaa mezani hapa Dar. Nyingi si ubovu, ni uwezo uliojificha. Chache ni ubovu kweli, na hizo nitazitaja kwa jina lake. Sheria ninazozisema ni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, maana ndizo tunazochezea.

Kabla hujagusa chochote

Usiisanidue. Najua ndilo jambo la kwanza linalokuja kichwani: futa, pakua upya, itakaa sawa. Kwenye Android ukisanidua programu, na data yake inaondoka, na mechi tisa za msimu zinaondoka nayo. Piga picha ya skrini kwanza, halafu toa faili la mechi kama kuna kitufe cha kutoa, halafu angalia namba ya toleo. Baada ya hapo ndipo uanze kutafuta chanzo. Na skoshiti ya karatasi iwe mezani, imejazwa, hata kama simu ina chaji asilimia mia.

Saa inasimama kikapu kikiingia

Angalia muda uliobaki. Ikiwa ni robo ya nne au ovataimu, na saa inasoma 2:00 au chini ya hapo, programu iko sawa: katika muda huo saa lazima isimame kila kikapu kikifungwa, na iwashwe mpira wa kurusha utakapomgusa mchezaji aliye ndani ya uwanja. Si mwamuzi anapoukabidhi. Programu haiwezi kuona mpira, ndiyo maana kuiwasha imekuachia wewe.

Kuna jambo la kuelewa hapo. Programu haijui kikapu kimeingia, inajua tu kwamba umebonyeza +2. Ukichelewa sekunde tatu kuandika, saa nayo imekula sekunde tatu. Na hili lilinipata: mpira unaendelea, nikakumbuka kuna kikapu cha robo ya tatu sijakiandika, nikabonyeza +2 ili nisawazishe. Saa ikasimama katikati ya shambulizi. Masahihisho ya pointi katika dakika mbili za mwisho yafanye mpira ukiwa umekufa tu. Ikishatokea, shikilia kidole juu ya tarakimu za saa. Katika programu nyingi za aina hii hapo panafunguka sehemu ya kurekebisha muda hadi sehemu ya kumi ya sekunde, ingawa hakuna alama yoyote inayokuambia hivyo.

Ikiwa inasimama dakika ya mwisho ya robo ya kwanza, ya pili au ya tatu, chanzo ni kingine kabisa. Mtu ameiweka kwenye sheria za NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani. Mara nyingi huwezi kugundua kwa kutazama dakika, kwa sababu aliyeiweka aliona robo ina dakika 12, akazirekebisha kwa mkono zikawa 10, akaacha mengine yote kama yalivyo. Utathibitisha kwa faulo: ikimwacha mchezaji aendelee baada ya faulo ya tano, hiyo ni NBA, ambako mtu anatoka kwa ya sita.

Ukibonyeza tatu inaandika mbili

Uko kwenye 3x3, kikapu cha watu watatu kwa watatu. Huko kikapu cha mbali ni pointi 2 na cha karibu ni 1, saa ya kushambulia ni sekunde 12, na mechi inakwisha timu ikifika 21 ndani ya dakika kumi. Kuna programu ambazo huhamia 3x3 zenyewe ukisajili wachezaji wasiozidi wanne kwa timu, maana kikosi cha 3x3 ni watu wanne. Mtengenezaji aliona anakupunguzia kazi. Sajili wachezaji wote kabla ya kufungua mechi, hata wale ambao bado wako kwenye daladala.

Taimauti moja imepotea

Hii inagombanisha watu kuliko zote. Kocha alikuwa na taimauti tatu za nusu ya pili, hajatumia hata moja, saa imefika 2:00 robo ya nne, na kwenye skrini zimebaki mbili. Anaapa kwamba meza imemwibia.

Hajaibiwa. Nusu ya kwanza kila timu ina mbili, ya pili ina tatu, lakini ndani ya dakika mbili za mwisho za robo ya nne haziwezi kuzidi mbili. Kwenye karatasi, skora anatakiwa kuchora mistari miwili ya kulala katika kisanduku cha kwanza ikiwa saa imefika 2:00 na kisanduku bado kiko wazi. Programu inachora mistari hiyo kimyakimya, bila neno. Ninachofanya siku hizi ni kumwambia kocha mapema, saa ikisoma dakika tatu hivi: "Mwalimu, ukifika mbili unabaki na mbili." Anaweza kuamua kuitumia ile ya tatu sasa. Ovataimu kila timu inapewa moja mpya, na zilizobaki hazihamishwi, kwa hiyo ukiona inasoma 1 wakati walikuwa nazo mbili, nayo ni sawa.

Faulo za timu hazirudi sifuri

Mwanzo wa robo ya pili, ya tatu na ya nne lazima zirudi sifuri. Zisiporudi, kuna uwezekano hukufunga robo. Ulisimamisha saa tu, ukaiweka upya 10:00 kwa mkono, na programu inaamini bado mko robo ileile. Rudi, tafuta kitufe cha kumaliza robo, kitumie.

Ovataimu ni tofauti. Faulo zote za ovataimu zinahesabiwa kama mwendelezo wa robo ya nne. Timu iliyomaliza robo ya nne na faulo nne inaingia ovataimu ikiwa nazo nne, na faulo inayofuata ya ulinzi ni mitupo huru miwili. Nimewahi kumwona skora mwenzangu akizifuta kwa mkono kwa nia njema kabisa. Timu moja ikanyimwa mitupo minne kabla mwamuzi hajashtuka.

Nusu ya pili pointi zinaingia timu isiyo yake

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipoumia.

Baada ya mapumziko ya kati timu hubadilishana vikapu. Mabenchi hayahami. Mtengenezaji wa programu niliyokuwa natumia aliona itakuwa rahisi kwa skora ikiwa safu za skrini zitafuata upande ambao timu inashambulia: timu inayoshambulia kulia iwe kulia kwenye skrini. Wazo zuri. Kwa hiyo robo ya tatu ikianza, safu zinabadilishana zenyewe. Tatizo ni kwamba kidole kimezoea. Dakika 20 umekuwa ukibonyeza kushoto kwa jezi nyeupe. Tena skora wengi tunatazama benchi na si kikapu, na benchi la weupe bado liko palepale kushoto. Mechi ile niliandika vikapu vitatu mfululizo kwa timu isiyo yake kabla mtoto aliyekaa nyuma yangu hajasema, "Kaka, mbona weusi ndio wanaongezeka?"

Dalili ya pili ya jambo hilohilo ni mshale wa zamu ya mpira. Mshale unaelekea upande ambao timu yenye zamu inashambulia, na kwa kuwa upande unabadilika mapumziko ya kati, meza ndiyo inayougeuza. Tumefundishwa hivyo, mikono inafanya bila kufikiri. Sasa ikiwa programu imeshaugeuza pamoja na safu, na wewe ukaugeuza tena, umempa mpira asiye na zamu. Hakuna atakayegundua hadi mpira wa kugombania unaofuata, na hapo hakuna anayekumbuka ilikuwaje.

Dawa ni mbili. Kwanza, wakati wa mapumziko andika kwenye karatasi jina la timu yenye zamu, jina hasa, si "kulia" au "kushoto". Pili, tafuta namna ya kuzima kubadilishana kwa safu. Kwenye ile ninayotumia sasa unashikilia kidole katikati ya skrini, kwenye ule mstari unaotenganisha timu mbili, kama sekunde mbili. Inatetemeka kidogo, safu zinarudi zilivyokuwa, na mechi nzima hazihami tena. Niliigundua nikiwa napangusa vumbi kwenye kioo.

Pointi mbili amepewa nahodha ambaye hakushika mpira

Mchezaji amejifunga kwa bahati mbaya. Sheria inasema pointi hizo zinaandikwa kwa nahodha wa timu pinzani aliyepo uwanjani, na programu imefanya hivyo. Kujifunga kwa makusudi hakuhesabiki, ni kosa la uchezaji, kwa hiyo usiguse kitufe chochote. Kama hakuna aliyejifunga lakini nahodha anazidi kupokea pointi, basi kuna anayebonyeza +2 kwenye jina la timu badala ya jezi ya mchezaji. Programu isipojua ni nani, inamtupia nahodha. Kwa mshindi wa mechi haina madhara. Kwa zawadi ya mfungaji bora ina madhara makubwa.

Mchezaji ametoweka kwenye orodha

Hesabu faulo zake. Akifika tano anatolewa, na programu nyingi humficha ili usimpe pointi kimakosa. Ikiwa faulo ya tano uliiandika kwa mtu asiyehusika, kitufe cha kutendua kitamrudisha, lakini ukishabonyeza matukio mengine matano baada ya hapo, kutendua kutakula hayo yote kwanza. Vuta orodha ya wachezaji kwenda chini na uiachie, kama unavyofanya kusasisha ujumbe. Waliofichwa huonekana kwa rangi ya kijivu na unaweza kuwashikilia kidole kumwondolea mtu faulo moja. Si kila programu inayo hii, lakini ijaribu kabla hujakata tamaa.

Huu sasa ni ubovu, si uwezo: jezi namba 00. FIBA inaruhusu 0, 00, na 1 hadi 99. Programu iliyohifadhi namba ya jezi kama tarakimu badala ya maandishi inaona 00 na 0 ni kitu kimoja. Timu yenye wote wawili itajikuta na mtu mmoja mwenye faulo saba. Mpe mmoja namba 100 ndani ya programu, andika pembeni kwenye skoshiti, na mtumie mtengenezaji ujumbe.

Saa ya mchezo inachelewa

Weka simu nyingine pembeni, washa stopwochi yake na saa ya programu kwa pamoja, subiri dakika tano, linganisha. Zikilingana, jaribu tena, lakini safari hii katikati ya jaribio mtu akupigie simu, au ufungue WhatsApp kwa nusu dakika kisha urudi.

Ikiwa imechelewa baada ya jaribio la pili, chanzo ni jinsi saa ilivyoandikwa. Kuna namna mbili. Ya kwanza, programu inakumbuka muda ilipowashwa, na kila mara inatoa tofauti na muda wa sasa. Hiyo hata ikilala dakika nzima, ikiamka itasema kweli. Ya pili, programu inapunguza moja kila sekunde kama mtu anayehesabu kwa vidole, na ikisinzia, hesabu inasimama. Simu za siku hizi zinasinzisha programu kwa nguvu. Android tangu toleo la 6 la mwaka 2015 ina utaratibu wa kulaza programu kuokoa betri, na watengenezaji wa simu wameongeza wao wa kwao juu yake. Kama programu yako inafunguliwa kwenye kivinjari ndiyo zaidi. Chrome inabana ukurasa ambao hauko mbele, na tangu mwaka 2021, ukurasa uliojificha zaidi ya dakika tano unaweza kuruhusiwa kuamka mara moja tu kwa dakika.

Huwezi kutengeneza hili ukiwa mezani. Unaloweza ni kuondoa programu kwenye orodha ya kuokoa betri katika mipangilio ya simu, kuzuia skrini isizime, na kuweka simu katika hali ya ndege ikiwa huhitaji mtandao. Simu ya meza isiwe simu unayopigiwa na shemeji.

Mechi za nyuma zimefutika zenyewe

Ukitumia iPad au iPhone, na programu inafunguliwa ndani ya Safari, kivinjari cha Apple, jiulize ni lini mara ya mwisho uliifungua. Tangu Machi 2020, Safari hufuta kumbukumbu ambazo ukurasa umehifadhi ndani ya kifaa ikiwa umepita siku 7 za kutumia Safari bila kuugusa ukurasa huo. Ligi inayochezwa kila baada ya wiki mbili inaangukia hapo moja kwa moja. Wenye kosa katika hadithi hii ni Apple na ratiba yenu, si kijana aliyeandika programu. Iongeze kwenye skrini ya mwanzo ya kifaa na uifungulie hapo, maana zilizowekwa hapo hazifutwi kwa utaratibu huo. Na toa faili kila mechi ikiisha, ulitume kwenye kundi la viongozi, lisikae kwenye kifaa kimoja.

Kwenye Android chanzo cha kawaida ni mtu aliyetumia kisafisha simu kupata nafasi ya video.

Matokeo yamegeuka 20–0, au 2–0

Si namba za kubuni. Timu isipokuwa na wachezaji watano tayari dakika 15 baada ya muda uliopangwa inapoteza mechi, na matokeo ni 20–0. Timu inayobakiwa na mchezaji mmoja tu uwanjani nayo inapoteza, ila hiyo ina hesabu yake: ikiwa wapinzani walikuwa wanaongoza, matokeo yanabaki yalivyo, na kama hawakuongoza inaandikwa 2–0. Programu hubadilisha matokeo pale unapochagua sababu ya mechi kuisha. Ukichagua vibaya, pointi zote ulizoandika zinafichwa nyuma ya ile 2–0, lakini hazijafutwa. Badilisha sababu, zitarudi.

Hapohapo ndipo malalamiko ya msimamo yanapotoka. Watu wamezoea soka, wanaona timu iliyofungwa ina pointi 1 wanadhani ni sare. Kikapu hakina sare. Kushinda ni 2, kufungwa ni 1, kutotokea ni 0. Aliyebakiwa na mchezaji mmoja bado anapata 1 yake. Timu mbili zikilingana, linatazamwa kwanza lililotokea baina yao wenyewe, si jumla ya vikapu vya msimu.

Ratiba inasoma muda wa ajabu

Mechi ya saa mbili asubuhi inaonekana saa kumi na moja alfajiri: tofauti ya saa tatu. Seva inahesabu kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, na haijaongezwa saa tatu za Afrika Mashariki. Tafuta mahali pa kuchagua ukanda wa saa.

Tofauti ya saa sita ni sisi wenyewe. Katibu ameandika 2:00 akimaanisha saa mbili asubuhi, na programu imepokea saa nane usiku wa manane, ikaiweka mechi ya kwanza kabisa ya siku. Nilikuta programu moja ya hapa nyumbani ambayo ukishikilia kidole kwenye kisanduku cha muda inaongeza saa sita. Ukishikilia tena inaongeza sita nyingine. Ni wazi aliyeiweka ana katibu kama wetu.

Simu mbili, matokeo mawili

Meza ina simu inayoandika, na nyingine inarusha matokeo kwenye skrini ya watazamaji. Ghafla moja inasema 54, nyingine 51. Angalia zote mbili ziko kwenye waifai moja. Mara nyingi moja imekimbilia bando lake baada ya kuona waifai haina intaneti. Watu hawaamini kwamba waifai isiyo na intaneti inatosha, lakini kwa programu nyingi inatosha kabisa. CRG ScoreBoard, ambayo wapenzi wa roller derby, mchezo wa viatu vya magurudumu, wa Carolina nchini Marekani waliianzisha kwa kujitolea, inafanya kazi hivyo: kompyuta moja ndiyo seva, vifaa vingine vinaifungua kwa kivinjari kupitia anwani ya kompyuta hiyo na namba 8000, bila intaneti hata chembe. Simu moja ikiwa hotspoti, data ikiwa imezimwa, meza nzima inaonana.

Kama ziko waifai moja na bado zinapishana, huenda zote mbili zimeruhusiwa kuandika. Hapo anayetuma mwisho ndiye anayeshinda, na kikapu cha mwingine kinafutwa. Ondoa ruhusa kwenye ile ya watazamaji.

Na jambo dogo la Excel, maana litakuja: ukifungua faili la matokeo ya vipindi na ukakuta 12-10 imekuwa tarehe, programu haijakosea, ni Excel. Ingiza faili kwa kuchagua safu iwe maandishi, usilibofye mara mbili.

Dalili yako haipo hapo juu

Basi chukua jioni moja, fungua mechi ya kubuni, Simba wa Mtaa na Chui wa Mtaa, na uguse kila kitu kwa namna tatu: gusa mara moja, gusa mara mbili, shikilia. Halafu telezesha kidole pande zote nne. Halafu tikisa simu, kwa sababu kwenye iPhone kutikisa ni kutendua tangu zamani na wengine wameiga. Andika kila kinachotokea. Mechi ya kubuni iendeshe hadi ovataimu, maana mengi yanajificha huko ambako mtengenezaji mwenyewe anafika mara mbili kwa mwaka.

Ikiwa msimbo uko wazi GitHub, tovuti ambako watengenezaji huweka kazi zao, huhitaji kuwa mtaalamu kuusoma. Fungua kisanduku cha kutafuta ndani ya mradi na uandike onLongPress, au setOnLongClickListener kwa programu za Android. Kila jibu ni mahali ambapo kushikilia kidole kunafanya kitu. Kwa programu za kivinjari tafuta URLSearchParams: hapo utaona maneno yanayoweza kuongezwa mwishoni mwa anwani ili kuwasha hali fulani. Soma pia maelezo mafupi ya kila badiliko. Mtu asiyeandika maelekezo bado huandika "nimeongeza hii kwa ajili ya mechi ya kesho".

Mimi kwa njia hiyo niliona mahali panapohesabu migusano kwenye nembo ya programu, hadi saba. Ni mchezo ambao wengi wameuiga kwa Android yenyewe, ambako unagusa namba ya muundo mara saba ili chaguo za wasanidi zifunguke. Nikagusa. Ukafunguka ukurasa mweupe wenye kila tukio la mechi tangu mrusho wa kwanza: sekunde, jezi, kilichobonyezwa, kilichotenduliwa, na simu iliyobonyeza. Misimu yote hiyo tumegombana na makocha kwa kumbukumbu za kichwani, na ushahidi ulikuwa nyuma ya nembo.

Nikapiga picha ya skrini, nikamtumia mtengenezaji na kumwuliza ule ni ukurasa gani. Akanijibu usiku: "Kumbe bado ipo? Niliiweka kwa ajili ya kocha mmoja mbishi, nikadhani nilishaifuta." Toleo lililofuata maelekezo yalikuwa na mstari wa nne.